Watazamaji wa Saa Tisa

Damari alikuwa anakata mboga, Jumamosi saa tisa alasiri, aliposikia mtu akikohoa upande wa pili wa ukuta. Kilikuwa kikohozi cha adabu, cha mtu anayesafisha koo asiwasumbue wenzake. Kisu kikamsimama mkononi. Upande wa pili hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukumbi mtupu uliofungwa kwa kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mumewe, na mumewe alikuwa mbele yake akinywa chai.

"Umesikia, Baba Frida?"

"Popo," akasema Ambrosi.

"Popo anakohoa?"

"Ushamba huo uache kwenu Ilula."

Ambrosi hakuwahi kukutana na kitu asichokidharau. Jengo lile, katikati ya mji wa Iringa, zamani lilikuwa sinema. Watu walishuka kutoka vilima vya Kilolo wamevaa viatu vya kanisani, wakapigana mlangoni kugombea tiketi za onyesho la saa tisa. Kisha vikaja vibanda vya video, kisha televisheni, na watu walewale waliopigana mlangoni wakaliacha jengo lijae popo na magunia ya mahindi. Ambrosi aliponunua gofu lile alicheka. "Watu wazima kukaa gizani kutazama vivuli!" Akang'oa viti vyote, akawauzia watu wa vyuma chakavu. Jukwaani, pale ilipokuwa skrini, akasimamisha ukuta wa plaiwudi, akasema hapo ndipo nyumbani. Mtu ana malori mawili ya nyanya, mkewe anamlaza jukwaani! Damari alimtazama akipigilia misumari, akajua kwamba heshima aliyokuwa nayo kwa huyu mwanamume imekwisha. Alibaki kwa sababu ya shamba aliloachiwa na mama yake kule Ilula, ambalo Ambrosi ndiye aliyelisimamia.

Jumamosi iliyofuata, saa ileile, akamwuliza.

"Lile shamba la mama, mwaka huu umempangisha nani?"

"Yuleyule wa mwaka jana. Lipo tu, linakusubiri."

Nyuma ya plaiwudi mtu akacheka. Akafuata wa pili, akafuata wa tatu, na kabla Damari hajaweka sahani chini ukumbi mzima ulikuwa unacheka, vicheko vya wanaume wenye vifua vipana na vya wanawake wanaojiziba midomo kwa kanga, miluzi ikipigwa kutoka nyuma kabisa, miguu ikikanyagakanyaga sakafu, na katika nyufa za mbao ikapenya harufu ya karanga za kukaanga na moshi wa sigara, nzito, ya jasho la watu wengi waliofungiwa pamoja, hata chozi likamtoka na hakujua ni la moshi au la hofu.

"Wanakucheka wewe," akanong'ona.

Uso wa Ambrosi ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Upepo," akasema. Wakacheka tena.

Jumatatu Damari akaenda Ilula. Katikati ya shamba la mama yake alikuta mafundi wanamimina zege. Shamba lilikuwa limeuzwa tangu mwaka juzi.

Alirudi mjini na hasira iliyoizidi hofu. Hata hivyo akamwita mwinjilisti Eliezeri, maana hasira haizuii majini. Mwinjilisti alisali kwa sauti, na nyuma ya ukuta kukawa kimya, kimya cha watu wanaosikiliza. Aliposema amina, wakampigia makofi.

Hakungoja chai. "Mama, hawa hawaniogopi," alisema mlangoni. "Wamenipenda."

Ndipo Damari akamtafuta mzee Vitus, aliyeendesha mashine ya sinema ile miaka mingi na sasa anashona viatu sokoni.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene, mwanangu. Wameanza kucheka?"

Damari akakaa chini bila kukaribishwa.

"Tuliwaachia safu tatu za nyuma," akasema Vitus, sindano ikiingia na kutoka katika soli. "Hawakukata tiketi, wala hatukuwaudhi. Binadamu walipohama wao walibaki. Wana akili kuliko mji huu."

"Nifanye nini waondoke?"

"Waende wapi? Mumeo ameng'oa viti." Akatema mate pembeni. "Sasa wamesimama. Na mtazamaji aliyesimama, mwanangu, husogea mbele."

Jumamosi plaiwudi ilianza kubonyea kuelekea ndani, taratibu, kama inayosukumwa na matumbo ya watu. Ambrosi akashika nyundo. "Nitakuonyesha popo wako!" Akaipiga mbao mpaka ikaanguka.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Lakini katika vumbi la sakafu zilisimama alama za kwato, mbilimbili, safu baada ya safu, zote zikielekea jukwaani, na safu ya kwanza ilikuwa hatua moja kutoka vidoleni mwa Ambrosi. Juu kule, katika tundu la chumba cha mashine ambamo hamna mashine, ukawaka mwanga, ukamwangukia usoni.

"Sema," ikasema sauti moja, ya upole.

"Shamba nimelipangisha tu," Ambrosi akaanza, na wakamcheka mpaka dari ikamwaga vumbi. Akajaribu tena. Wakacheka. Mwishowe akasema, kwa sauti ya mtoto, "Nililiuza."

Makofi.

Damari hakuwahi kuuona uso wa mumewe ukichanua vile. Akasema jingine, wakapiga makofi. Akasema la ndugu yake marehemu wa Igowole, ambalo mtu hapaswi kulisema, wakapiga miluzi.

"Baba Frida, shika mkono wangu, tutoke!"

"Subiri kidogo," akasema bila kugeuka. "Wananisikiliza."

Damari alitoka peke yake.

Ambrosi yumo mpaka leo. Majirani humwachia ugali kizingitini. Siri zake mwenyewe zilikwisha ndani ya mwezi mmoja, na watazamaji hawapendi kurudiwa. Akaanza za wengine. Alisimulia mazishi ya mzee Vitus, jeneza lilivyoteleza kwenye tope na nani alilia uongo; wakati huo mzee Vitus alikuwa bado mzima sokoni, akafa Jumatano, na yote yakawa kama yalivyosimuliwa.

Damari alirudi mara moja tu, kuchukua vyeti vya shule vya binti yao Frida. Ilikuwa saa tisa. Akiwa bado ndani, vyeti vikiwa kifuani, akasikia mumewe akikohoa kusafisha koo, kisha akalitaja jina lake, Damari binti wa Ilula, akaanza kusimulia. Nyuma ya mwanga ule wote wakanyamaza.

Alikimbia akiwa ameziba masikio kwa mikono yote miwili, na vyeti vya mtoto vikabaki sakafuni.