Mwambie Baba Yako

Pancha iliwapata mwendo mfupi kupita Ilongero, jua likiwa limeshainama na wingu zito likipanda upande wa mashariki.

Alute alishuka kwenye pikipiki, akaliangalia tairi la nyuma lililokwisha upepo, akamshusha binti yake. Witness alikuwa na miaka sita. Mkononi alishika ua la alizeti kubwa kuliko uso wake.

Kila mwaka, mwishoni mwa Machi, alizeti zikichanua, mama yake, Emiliana, alimtoa Singida mjini kwa matembezi ya siku moja. Asubuhi Ilongero, chapati na soda. Alasiri kwa bibi, kumpelekea sukari na sabuni. Jioni kurudi. Mwaka huu Emiliana hayupo. Mtoto aliulizia matembezi yake wiki nzima, na Alute, ambaye hakuwa amekanyaga ukweni tangu mazishi, miezi kumi na moja sasa, akaishiwa visingizio.

"Tutembee, baba. Kwa bibi si mbali."

"Tutembee. Ila mvua haitungoji."

Akaanza kusukuma pikipiki. Njia ilikuwa matope matupu. Kulia alizeti, kushoto alizeti. Hapakuwa na mtu wala ng'ombe. Hata ndege... kimya.

Ndipo akamwona mwanamke akija mbele yao. Naye aliwaona. Papo hapo akatoka njiani, akaingia hatua mbili ndani ya alizeti, akawapa mgongo na kujifunika uso kwa kitenge.

Alute alielewa mara moja. Akainamisha macho.

Ukweni kwake, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja hupisha, na neno likiwapo hupitia kwa mtoto. Alute alikuwa mpima ardhi, msomi wa chuo kikuu, mtu ambaye mkate wake ni kutazama. Lakini katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kuuona uso wa mkwewe. Alimtambua kwa kitenge: cha bluu, chenye tausi, walichomnunulia yeye na Emiliana Krismasi moja.

"Shikamoo, mama," aliiambia ardhi.

Jibu lilitoka ndani ya kitenge. Sauti ilikuwa ya chini, kavu.

"Witness. Mwambie baba yako mvua inakuja. Mwambie nitatangulia nawe nyumbani."

Mtoto hakwenda. Alimshika baba yake suruali, akanong'ona:

"Baba... bibi ananuka udongo."

"Shika adabu."

"Ananuka kama lile shimo la mama."

"Witness! Huyo ni bibi yako. Nenda."

Mahali pekee ambapo Alute angeweza kumtazama bila kuvunja heshima ni miguuni. Akaitazama. Ilikuwa mikavu, imepauka kwa vumbi jeupe, kama ya mtu aliyetembea kiangazi kizima. Yake yeye ilijaa matope hadi vifundoni.

Aliona. Akaitoa mikono ya mtoto kwenye suruali yake.

Mkono ulitoka chini ya kitenge, ukamshika mtoto. Alizeti zikafunguka, zikajifunga.

Ua la Witness lilibaki njiani.

Alifika ukweni giza likiingia, matone ya kwanza yakidondoka. Marietha, dada mkubwa wa marehemu, alikuwa uani akifungia kuku.

"Shikamoo, shemeji."

Hakuitikia. "Heh! Mheshimiwa kakumbuka njia. Au umepotea? Hapa hatuna viwanja vya kupimwa."

"Nimeleta sukari. Witness yuko ndani?"

"Witness gani?"

"Ametangulia na mama. Tumekutana naye njiani."

Marietha akaacha kuku.

"Mama gani? Mama hajavuka ua huu tangu mazishi. Alianguka palepale kaburini, ninyi mmeshaondoka, akavunjika nyonga. Ungekuja ungejua."

"Alijifunika kitenge chake cha tausi..."

"Cha tausi?" Sauti ya Marietha ilishuka. "Kile mama alimfunikia Emiliana. Ndani ya jeneza. Kila aliyepita kumuaga alikiona. Wewe peke yako hukupita."

Ilikuwa kweli. Emiliana alizikwa kwao, kama alivyoomba. Watu walipoitwa kuuaga mwili, Alute alisimama nje karibu na ukuta, akasema anataka kumkumbuka akiwa hai. Walimbembeleza. Alikataa.

Ndani ya nyumba kukasikika fimbo.

Ta... ta... ta...

Mama mkwe akatoka, kichwa wazi, akajikongoja hadi mbele yake. Alute akageuza uso.

"Nitazame."

"Mama, heshima..."

"Nitazame, wewe! Mimi ndiye huyu. Huyo uliyempa mjukuu wangu, ulimtazama?"

Kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo yote aliuona uso wa mkwewe. Ulikuwa uso wa Emiliana, kama ungeachwa uzeeke. Na ulimchukia.

"Mwanangu alikungoja tangu asubuhi," alisema. "Hatukufunga jeneza mpaka saa kumi."

Walimkuta Witness nyuma ya zizi, juu ya kaburi la mama yake. Mvua sasa ilimwagika. Mtoto alikaa wima, amewapa mgongo, sweta amelivuta hadi kufunika uso. Udongo ulinuka kama umefukuliwa sasa hivi. Alute alimnyanyua.

Hakuwa na tone la maji. Miguu yake ilikuwa mikavu, myeupe kwa vumbi.

"Mama," Alute alimbembeleza binti yake, kama alivyozoea kumwita. "Nitazame."

Mtoto akazidi kugeuka.

Bibi alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine. "Huyo hatalala kwangu," alisema. "Ondoka naye."

Sasa ni wiki ya tatu tangu warudi mjini. Mchungaji amekuja, daktari amempima. Mbele yao Witness hucheka na kujibu vizuri. Ni baba yake tu. Akiingia, mtoto hupisha, hugeukia ukuta, huvuta khanga usoni.

Jioni, mezani, huongea. Si naye.

"Mwambie baba yako chumvi imezidi."

Ndani ya nyumba wamo wawili tu. Alute huweka kijiko chini. Mtoto hungoja, kama anayempa mtu nafasi ya kufikisha ujumbe.

Jana ujumbe ulifika.

Haukutoka kitini. Ulitoka nje ya dirisha, chini kabisa, karibu na ardhi... sauti ya binti yake, ileile aliyoikemea njiani, ikitetemeka kwa baridi.

"Baba... mama anasema umtazame. Anasema ukimtazama, nitarudi."

Mezani, khanga ikaanza kushuka.

Harufu ya udongo ikajaa chumba.

Na Alute, kwa mazoea, akainamisha macho.