Sauti ya Nasma Haikutoa Pole

“Nasma, kumbe una roho mbaya hivyo!”

Mama Amira alisimama mlangoni mwa duka lake la vitenge, mtaa wa Mchafukoge, mkono kiunoni. Nasma alikuwa amekuja kuchagua kitambaa cha kuvaa siku ya posa yake.

“Nimefanya nini tena, mama yangu?”

“Wiki iliyopita nilipiga kwenye hiyo kampuni yenu ya mizigo, niulizie marobota yangu ya China. Nikakwambia nimefiwa na dada yangu. Ukanijibu, ‘Asante. Kuna kingine nikusaidie?’ Asante, Nasma! Asante ya msiba!”

“Innalillahi! Mama Amira, sina habari kabisa. Pale nimeachishwa kazi tangu Ramadhani.”

“Sauti yako siijui mimi?”

Nasma akapiga namba ya ofisi, akaweka spika.

“Habari yako mpenzi mteja, pole na mihangaiko ya mjini...”

Ilikuwa sauti yake. Mpaka kile kicheko kidogo kabla ya “karibu”. Mteja mmoja akaachia kitenge kikaanguka.

Kampuni hizi tunazijua. Zilipoleta kompyuta ziliwaambia makarani, “Msiogope, ni chombo cha kuwasaidia.” Makarani wako wapi leo? Safari hii wasichana wote wa simu, Nasma akiwemo, walitolewa kwa neno tamu: mageuzi, simu zikaachiwa mashine. Wakapewa na keki.

Nasma akamkumbuka Shukuru, mchumba wake, fundi wa programu wa kampuni hiyo hiyo, alivyombembeleza zamani zile: “Nisomee hizi sentensi, babe. Nikiwa mwenyewe niisikie sauti yako.” Akasoma, anadeka. Hata namba alisoma. Mpenzi gani anataka kusomewa namba?

Akamwandikia: “Uko wapi?”

“Posta, kazini. Vipi?”

“Nimeongea na mimi mwenyewe kwenye simu. Njoo kwa Mama Amira.”

Shukuru alifika jasho linamtoka.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba. Umetuma mashine yako initukane nikiwa msibani.”

“Nasma, nilitaka kukwambia...”

“Lini? Tukishapata wajukuu?”

“Bosi alisema ni majaribio tu. Ikifanya kazi, napewa ajira ya kudumu. Nikaona hapo wazee wako hawatanikataa. Wallahi sikujua watawatoa ninyi.”

“Na ulipojua?”

Shukuru akatazama viatu vyake.

“Nikanyamaza.”

“Nilidhani unaipenda sauti yangu. Kumbe ulikuwa unavuna.”

“Naifuta leo hii hii.”

“Ukifuta tu, kesho wataweka ya msichana mwingine, naye hatajua. Washa simu yako, rekodi. Safari hii najua ninachosoma.”

“Nasma, watanifukuza.”

“Mimi walishanifukuza. Chagua.”

Shukuru akaitoa simu mfukoni, akarekodi; usiku akaiweka rekodi ile kwenye mashine ya ofisi.

Kesho yake asubuhi, kila mfanyabiashara wa Kariakoo aliyeulizia mzigo alisikia:

“Habari yako mpenzi mteja. Mimi ni Nasma. Kazini nilitolewa, sauti wakabaki nayo bila kuniuliza. Mama Amira, pole sana kwa msiba wa dada. Wengine wote, mkitaka kuongea na mtu, iulizeni kampuni watu imewapeleka wapi.”

Wakaenda kuuliza kweli. Adhuhuri haijaingia, kinamama wa vitenge walikuwa wamejaa mapokezi kule Posta, hawataki kiti wala maji. Bosi akaamuru sauti ile itolewe palepale. Aliyeitoa ni Shukuru, na ndiyo ikawa kazi yake ya mwisho.

Akamfuata Nasma, begi begani, akamkuta anamshikia Mama Amira duka.

“Wamenifukuza.”

Nasma alimtazama. Hasira ilikuwepo bado, haikwenda popote.

“Pole,” akasema. Safari hii ilitoka kwake mwenyewe.

“Na posa?”

“Unawaza posa na msiba wa watu hujauhani? Mama Amira leo yuko kwenye hitima ya dada yake, Kigamboni. Twende Magogoni tukapande pantoni, ukamtazame usoni uombe radhi.”

“Halafu?”

“Halafu uwaambie wazee wako wajiandae. Na wakija kwetu, Shukuru, mimi nitajisemea mwenyewe.”