Miche Iliyolikataa Jua

Mrehani ndio ulioanza. Asubuhi moja mshonaji aliukuta umeinamia chumbani, umelipa dirisha kisogo, ilhali jua lilikuwa limeshaujaza ukingo wote wa dirisha. Alilizungusha kopo lake, kama alivyozoea kuyazungusha makopo yote ili miche isikue upande, akarudi kwenye cherehani. Alipoinua macho kukata uzi, mrehani ulikuwa umegeuka tena.

"Labda umechoka kuwatazama majirani," mumewe alisema huku akifunga viatu vya kazi. "Hata mimi nimewachoka."

Mshonaji alicheka. Lakini baadaye mnanaa nao uligeuka, kisha mpilipili, kisha mnyanya mdogo, hata mshubiri, ambao majani yake ni manene na hayapindi kirahisi. Yote ilielekea kochi ambalo Kipusa, binti yake, alilalia mchana. Na Kipusa, aliyeachishwa ziwa mwaka uliopita, alianza kukataa chakula. Aliamka ameshiba, na maziwa yakimchuruzika kidevuni.

Siku moja mshonaji alimhamishia mtoto kwenye mkeka karibu na mlango. Jua lilipofika utosini alisikia nyuma yake sauti ndogo, kama ya mtu anayevua soksi zilizolowa. Akageuka, na akaona majani yote yakisogea taratibu, bila upepo wowote, yakiacha kochi na kuufuata mkeka, huku chumba kikijaa harufu ya maziwa yaliyoungua, ingawa jiko lilikuwa baridi tangu asubuhi.

Mama mkwe wake, aliyeishi nao chumba cha pili, alikuwa amesimama mlangoni. Naye alikuwa ameona.

"Mwanangu," alinong'ona, "huu udongo uliutoa wapi?"

"Nyuma ya jengo, mama. Pale mfereji unapomwaga."

"Ukaufanya nini?"

"Ulikuwa na funza. Niliumwagia maji yanayotokota kabla ya kupanda."

"Ulibisha hodi? Ulisema hata neno moja kabla hujamwaga?"

"Niseme na nani, mama? Na funza?"

Mama mkwe aliinama kwenye mkeka. Alimnyanyua Kipusa kifuani, na majani yakanyanyuka naye.

"Basi niitupe yote, sasa hivi!"

"Thubutu! Ukimtoa aliyemo kwenye huo udongo atatafuta pengine pa kukaa. Na humu ndani mwenye nafasi ya kuingiwa ni huyu mtoto."

Kesho yake mama mkwe alirudi na mganga, mwanamke mnene mwenye viatu vya raba, ambaye alivivua mlangoni bila kuambiwa. Alichuchumaa mbele ya dirisha, akachukua udongo kidogo kwenye ncha ya kidole na kuunusa.

"Hapa pana mfiwa," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yako, binti, yalimkuta mwanawe amelala."

Mshonaji alishika ukuta. "Anataka kumuua wangu?"

"Angetaka kumuua angeshamuua. Anamnyonyesha. Siku mtoto atakapomzoea, ataondoka naye."

"Nifanye nini?"

"Umewahi kuona mtu anafiwa, na aliyesababisha anakaa naye nyumba moja, wala hamwambii pole? Mpe pole. Msiba ni msiba. Lakini pole tu. Usimwahidi kitu. Hawa hawasahau neno."

Walikaa sakafuni, Kipusa akiwa amepakatwa na bibi yake. Mshonaji alipiga magoti mbele ya makopo.

"Pole, mama mwenzangu," alisema. "Sikujua kama amelala pale. Mkono uliomwaga ni wangu. Nisamehe."

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha ndani ya makopo ikaanza sauti kama ya udongo mkavu unaokunywa maji, ikapanda kutoka kopo moja hadi jingine mpaka ikawa kwikwi, kwikwi ya mtu anayejiziba mdomo ili asisikike na wageni, na vioo vya dirisha vikaingia ukungu kwa ndani, na ile harufu ikawa nzito kiasi kwamba mama mkwe aliuziba uso wa mtoto kwa upande wa khanga, na mshonaji akaendelea kusema pole, pole, pole sana, bila kujua amelisema mara ngapi, mpaka jani moja la mrehani likatikisika, likageuka, likatazama jua, na jingine likalifuata, na mnanaa ukafuata, na mshubiri ukalia kama mlango mzito unaofunguliwa.

Harufu ikaisha. Vioo vikakauka.

"Amepokea," mganga alisema, akapumua, akaenda kuvaa viatu vyake.

Mshonaji alikuwa akilia kwa ahueni. Alilishika kopo la mrehani kwa mikono miwili, kama alivyoishika mikono ya wafiwa wengi maishani mwake, na kinywa chake kikatoa chenyewe maneno ambayo kila mtu huyatoa anapoaga nyumba ya msiba:

"Ukihitaji chochote, usisite kusema."

Kiatu kilimdondoka mganga.

Majani hayakutikisika; yalibaki yakitazama jua. Ni Kipusa aliyegeuka. Alilitazama dirisha, akatabasamu, akainua mikono yote miwili juu, kama mtoto anayetaka kubebwa. Mama mkwe alimkumbatia kwa nguvu zake zote, lakini uzito wa mtoto ulikuwa umeshaanza kupungua mapajani mwake.