Siku Aikande Alipopiga Makofi Peke Yake

Aikande alikuwa na miaka sita. Aliishi Moshi na baba, mama na babu. Alikuwa pia na shangazi mmoja, lakini shangazi huyo hakuwapo nyumbani mara nyingi.

Shangazi Ndeshi alikuwa mchezaji wa tenisi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Wengine huenda shambani. Wengine huenda ofisini. Shangazi alikwenda kiwanjani, na raketi sita ndani ya begi refu.

Pu! Mpira unakwenda.
Pa! Mpira unarudi.

Alianza akiwa na miaka minane, kwa raketi ya kuazima. Mechi ya kwanza alishindwa. Ya pili alishindwa. Ya tatu alishinda, akakimbia mpaka nyumbani, akasahau viatu kiwanjani.

Sasa alikuwa na miaka ishirini na saba. Alikuwa amecheza Kairo, Dakar na Tunis.

"Kila mchezaji ana namba yake," alisema Shangazi. "Yangu ni mia nne na kumi na mbili."

"Ni kubwa sana!" alisema Aikande.

"Kwetu kubwa si nzuri. Aliye bora kuliko wote ni namba moja."

"Mmh. Basi una kazi, Shangazi."

"Kazi kweli kweli!" Shangazi akacheka mpaka akakohoa.

Aikande alimpenda sana. Alipenda anavyomsuka nywele bila kuvuta. Alipenda anavyokula ndizi, tatu kwa mara moja.

Hakupenda begi refu. Begi likisimama karibu na mlango, Shangazi anaondoka.

Mwaka huo mashindano yalikuja Moshi. Shangazi alishinda Jumatatu. Akashinda Jumatano. Akashinda Alhamisi. Ikabaki mechi moja tu, ya mwisho, siku ya Jumamosi.

Pu! Mpira unakwenda.
Pa! Mpira unarudi.

Ijumaa jioni walikula pamoja.

"Ukishinda kesho, itakuwaje?" aliuliza Babu.

"Jumanne nakwenda Tunis, kwenye mashindano makubwa zaidi."

"Na ukishindwa?" aliuliza Aikande.

"Nikishindwa nakaa hapa nyumbani, mwezi mzima."

Aikande aliacha kutafuna. Mwezi mzima!

Alipokwenda kulala, alijifunika shuka mpaka kichwani, akasali kwa sauti ndogo.

"Mungu, naomba Shangazi ashindwe. Kidogo tu. Amina."

Jumamosi, Babu alivaa koti lake la kijivu. Waliketi mstari wa mbele, karibu na udongo mwekundu wa kiwanja.

"Sikiliza, mjukuu wangu," alisema Babu. "Hapa si kwenye mpira wa miguu. Mpira ukichezwa, kimya. Mtu akikosea, kimya. Mtu akipiga mpira mzuri, ndipo unapiga makofi."

"Na nikitaka kupiga chafya?"

"Pigia ndani ya koti langu."

Mpinzani alitoka Kampala. Aliitwa Nabukenya, na mikono yake ilikuwa mirefu kama matawi. Alishinda seti ya kwanza. Shangazi akashinda ya pili. Ikabaki ya tatu, na hiyo ndiyo ya kuamua.

Pu! Mpira unakwenda.
Pa! Mpira unarudi.

Shangazi akarusha mpira juu, akaupiga. Chwa! Ukagonga wavu.

Akajaribu tena. Chwa! Wavu tena.

"Pointi ni ya Nabukenya," alinong'ona Babu.

Watu wote wakanyamaza. Kimya kabisa.

Pwa, pwa, pwa!

Ni nani huyo? Ilikuwa mikono ya Aikande. Ilipiga makofi yenyewe.

Babu akageuka. Mwamuzi akageuka, kule juu kwenye kiti chake kirefu. Shangazi naye akageuka.

Hakukasirika. Alimtazama tu. Kisha mabega yake yakashuka.

Aikande aliyaona mabega yale. Aliona na jasho, na vumbi jekundu mpaka magotini.

Akaiweka mikono yake chini ya mapaja, akaikalia.

Shangazi akakimbia kushoto. Akakimbia kulia. Akakimbia nyuma kabisa, akajinyoosha, akaupiga.

Pu! Mpira ukaenda mbali, ukaanguka juu ya mstari wenyewe. Nabukenya hakuufikia.

Aikande akaitoa mikono yake. Akapiga makofi mpaka yakamchoma.

"Piga, Shangazi! Piga!"

"Kimya, tafadhali," alisema mwamuzi.

"Kimya, wewe," alisema Babu, lakini alikuwa anacheka.

Mpira ukaenda. Mpira ukarudi. Ukaenda, ukarudi, ukaenda. Na mara ya mwisho haukurudi tena.

Shangazi Ndeshi alishinda!

Aikande aliruka juu. Machozi yalimtoka.

"Unacheka au unalia?" aliuliza Babu.

"Vyote, Babu."

Jioni Shangazi alioga. Maji yalitoka mekundu, kisha yakatoka meupe. Aikande alimngoja chumbani.

"Shangazi, nilipiga makofi ulipokosea."

"Nilisikia. Mikono yako naijua."

"Nilitaka ushindwe. Ili ukae."

Shangazi akaketi kitandani. Magoti yake yalilia, ko!

"Nikwambie siri?" alisema. "Nikiwa mbali, peke yangu hotelini, hata mimi huomba hivyo hivyo. Nishindwe, nirudi nyumbani."

"Halafu?"

"Halafu asubuhi mpira unakuja. Naupenda mno. Naupiga."

Aikande akafikiri.

"Mimi nataka ushinde," alisema. "Na nataka ukae."

"Hata mimi," alisema Shangazi. "Leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

"Na safari?"

"Jumanne."

"Basi hesabu siku zetu."

Aikande akahesabu kwa vidole. "Jumapili. Jumatatu."

"Na usiku huu," alisema Shangazi. "Usisahau usiku huu. Sogea huko."

Wakalala kitanda kimoja. Kilikuwa kitanda cha mtoto. Miguu ya Shangazi ilitokeza nje.

Aikande akainuka, akachukua sweta yake, akaifunika miguu. Sweta ilikuwa ndogo. Mguu mmoja ukapata joto. Wa pili ukabaki nje.

"Shangazi?"

Shangazi alikuwa anakoroma tayari. Khrrr, fyuu. Khrrr, fyuu.

Aikande akahamia upande wa miguu. Akaukumbatia ule mguu wa pili kwa mikono yote miwili.

Akalala.