Picha ya Kichwa

Risasi ya kwanza ilivunja kioo cha pembeni.

Ya pili ilipita juu ya kofia yake.

Vitalis Kapinga, jasusi N-9 wa Idara ya Usalama, aliinama juu ya pikipiki yake ya Honda XL na kuongeza moto. Mbele yake Land Rover nyeupe ilitimua vumbi. Walianza kufukuzana Kitai, wakapita Kigonsera bila kupunguza mwendo. Sasa milima ya Mbinga ilikuwa mbele yao.

"Mama Maria, nishike," alinong'ona.

Akachomoa Makarov. Risasi moja. Tairi la nyuma.

Land Rover iliyumba, ikaacha barabara, ikatumbukia kwenye shamba la ngolo, kilimo cha mashimo cha huko milimani, na kunasa. Dereva alitokea dirishani, mikono juu.

"Usiniue, kaka! Mimi dereva tu!"

"Dereva gani anashika usukani mkono mmoja na bastola mkono wa pili? Lala chini."

Ndani ya gari mlikuwa na kasha la barafu lenye vichupa ishirini, na faili la kaki.

Vitalis alimfunga pingu dereva kwenye bampa, akashika redio kuita makao ya Idara.

"Jembe, Jembe, hapa N-9. Dawa ninayo."

"Hiyo ni nusu. Nusu nyingine iko Mbamba Bay. Boti inaondoka saa nane mchana na watu kumi na watatu."

"Msaada?"

"Polisi wako njiani kutoka Songea. Watachelewa."

"Nimekupata."

Ilikuwa Juni 1991. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa, na kila mgeni aliyeshuka na sanduku alikuwa mwekezaji au mtafiti. Mwenye dawa hii alijiita Dokta Mertens. Alisema anachunguza kemikali za hofu kwenye ubongo, kwa mashine ya kupiga picha iliyoko ng'ambo, ili awatibu watu walioharibiwa na vita.

Utafiti kama huo ni mwema. Wa Mertens haukuwa huo. Dawa yake iliwasha hofu. Mashine ingemwonyesha inawaka wapi, na yeye angeiuza kwa watesaji wa nchi yoyote. Nazari, mkulima wa Ukata, alichomwa sindano moja ya majaribio. Alikimbia hadi moyo ukasimama.

Vitalis alifungua faili. Majina kumi na tano. La kwanza, Nazari, lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Namba saba ilimgandisha.

*Vitalis K. Askari, vita vya Uganda. Hupiga kelele usingizini. Ataletwa baadaye.*

Duniani watu wawili tu walijua jambo hilo. Mke wake Hilda. Na Ildefonce, mganga wa zahanati, msimamizi wake wa ndoa, aliyesimama naye mbele ya altare.

Mwandiko ulikuwa wa Ildefonce.

Vitalis alipiga ishara ya msalaba. Hakuweza kusali. Akawasha pikipiki.

Mbinga mjini aliipita kama upepo. Kisha kona za mteremko, moja baada ya nyingine, hadi ziwa likafunguka chini yake.

Saa nane kasoro dakika kumi.

Ufukoni, nje kidogo ya Mbamba Bay, boti yenye injini mbili za Yamaha ilikuwa inanguruma taratibu. Ndani walikaa watu wamevaa nguo za Jumapili. Wakimbizi wa Msumbiji, na wenyeji wachache. Nywele zimepakwa mafuta. Mzee mmoja alivaa koti la mtumba na tai.

"Daktari, mimi nipigwe upande wa kushoto," mzee alimwambia Ildefonce. "Huu wa kulia una kovu."

"Na huo wa kushoto una pua mbaya," alijibu Bibi Luisa, mkimbizi aliyekaa kando yake. Wote wakacheka.

Vitalis akaelewa. Fomu waliyotia dole gumba, aliyoiona kwenye faili, ilisema: *Nakubali kupigwa picha ya kichwa.* Ildefonce ndiye aliyeitafsiri. Sindano, hofu, mashine, vyote alivificha ndani ya neno moja, picha. Nao walidhani ni picha ya kitambulisho.

"Shikamoo, bibi," Vitalis alisema.

"Marahaba, baba. Na wewe umekuja kupigwa?"

"Hakuna picha, bibi. Kuna sindano. Ndiyo iliyomuua Nazari."

Wote wakamtazama Ildefonce aliyesimama ufukoni kando ya Mertens na trei ya sindano.

"Msimsikilize," Ildefonce alisema. "Mimi nimewatibu watoto wenu."

"Basi kunja mkono wa shati," Vitalis alisema. "Kama ni picha tu, chomwa wewe kwanza."

Ildefonce aliitazama sindano. Mkono wake haukusogea.

Kisha akapasuka.

"Huyu ni kichaa! Analia usingizini kama mtoto mchanga! Tangu vita! Yeye mwenyewe yumo kwenye orodha!"

Maneno yale yalimwingia Vitalis kuliko risasi.

"Kweli," alisema. "Mimi ni namba saba."

Bibi Luisa alimkazia macho. Polepole akakusanya kitenge chake.

"Hata mimi hulia," alisema, akimwonyesha Ildefonce kwa kidole. "Huyu Daktari aliniambia ni mimi tu."

Akashuka. Maji yakamfika magotini. Mzee wa tai akafuata, kisha wengine wote.

Mertens aliingiza mkono kwenye koti. Akatoa bastola ya Browning.

Makarov ilitangulia. Mertens alipiga yowe na kushika bega. Risasi mbili zaidi, na Yamaha zote zikanyamaza.

Wanaume waliokuwa ufukoni walimkalia Mertens hadi Land Cruiser ya polisi ilipofika. Vitalis mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu Ildefonce.

"Vitalis," Ildefonce alinong'ona. "Walinitisha. Halafu waliahidi kunisomesha Ulaya. Mimi ni msimamizi wako. Utanitetea?"

Vitalis alifuta bastola kwa leso, akairudisha kiunoni.

"Nitakuombea kila siku," alisema. "Kukutetea, hapana."

Akageuka, akatembea kuelekea kwenye pikipiki.