Kibati Namba Tisa

Maiti ilikuwa imekaa. Hilo ndilo lililomshtua Inspekta. Mtu akianguka mita kumi na mbili hulala alipoangukia. Huyu alikuwa ameegemea ukuta wa shimo, uso juu, mguu mmoja umepinda pasipopinda mguu.

"Tazama kucha, afande," alisema daktari wa uchunguzi, ameushika ule mkono taratibu kama wa mgonjwa. "Zimejaa udongo. Alijaribu kupanda. Amefariki alfajiri hii."

Inspekta alitazama juu. Mdomo wa shimo ulionekana mdogo kama sahani. Lilikuwa shimo la majaribio, lililochimbwa mahali palipopangwa kujengwa kituo cha treni ya chini ya ardhi. Marehemu ndiye aliyekuwa mpimaji wa udongo wake. Jana saa kumi na moja jioni kazi ilikwisha, na mfuniko wa chuma ukafungwa juu yake.

Aliyeufunga alikuwa mlinzi. Inspekta alimkuta kibandani, chai imempolea.

"Ulimfungia mtu ndani, mzee wangu."

"Ubao ulikuwa mtupu, mwanangu! Samahani, afande." Alionyesha ubao wa misumari ukutani. "Anayeshuka anatundika kibati chake chenye namba. Akipanda, anakichukua. Kikibaki hata kimoja sifungi, nashuka na tochi. Ubao ukiwa mtupu, nafunga."

"Na kibati cha mpimaji, namba tisa?"

"Hakikuwepo. Naapa."

"Hukusikia sauti?"

"Chuma kile ni kizito, hakipitishi kitu." Ghafla akajishika kichwa. "Mungu wangu! Kumbe alikuwa ananiita?"

Mifuko ya marehemu ilikuwa imepekuliwa, kibati hakikuwemo. Na mtu akiteleza kwa bahati mbaya, kibati chake hubaki msumarini. Hiki kilichukuliwa na mkono mwingine.

"Nani huchukua kibati cha mwenzake?"

"Hakuna. Ukikamatwa, kazi huna." Mzee akasita. "Ila marehemu na kaka yake sheria haikuwaingia. Kila jioni kaka mtu anachukua cha kwake na cha mdogo wake, mara moja, bila hata kutazama. Tuliwatania kwamba hata mswaki wanachangia."

Kaka mtu alikuwa msimamizi wa wachimbaji. Alikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo, peke yake kwenye benchi, ndani ya ovaroli ya jana.

"Pole, kaka."

"Asante."

"Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Chini. Nilimwacha anaandika."

"Ukapanda peke yako?"

"Peke yangu."

"Ukachukua kibati chako?"

"Ndiyo."

"Nionyeshe."

Alitia mkono mfukoni, akautoa, akafungua kiganja. Vibati viwili. Nane na tisa.

Aliviangalia kama mtu aliyetema jino lake kiganjani. Uso ukampauka.

"Sikujua," alinong'ona. "Haki ya Mungu, sikujua nimekichukua."

"Kingebaki msumarini, mlinzi angeshuka na tochi," alisema Inspekta. "Mdogo wako aliishi usiku kucha."

"Usiku kucha?"

"Usiku kucha."

Vibati vilianguka sakafuni. Kisha maneno yakamtoka kama maji yaliyopasua bomba.

"Nilidhani amekufa palepale. Tulikuwa tumefika juu, mdomoni mwa shimo. Akaniambia chini pana maji mengi, kituo kitadidimia na watu. Kesho anaandika kihamishwe mita themanini."

"Kuna nini hapo mita themanini?"

"Nyumba ya mama. Ingebomolewa."

"Mama yenu wote wawili."

"Yeye ana mke, ana watoto! Akasema mama atahamia kwake, yamekwisha. Mimi nimemuuguza mama miaka kumi na tisa. Sikuoa. Sina mwingine wa kuniuliza kama nimekula. Nikamsihi asiandike. Akacheka. 'Kaka, na ukubwa huo unaogopa kulala peke yako?' Nikamsukuma."

Inspekta alimfunga pingu.

Mlangoni msimamizi aligeuka.

"Mama ameambiwa?"

"Ameambiwa mwanawe mmoja amekufa," alijibu Inspekta. "Hataki kushikwa na mtu. Anasema anakusubiri wewe."