Mwenye Akaunti

Mjane alifika kwa fundi wa gemu jua linazama, mashine ya marehemu mumewe ikiwa kwenye mfuko wa rambo. Alitaka ifutwe kabla giza halijaingia. Alikuwa amemwacha binti yake wa miaka saba nyumbani na tableti. Dakika ishirini tu, alijiambia.

Diski za magemu ya mumewe alishazichoma. Zote kumi na tisa, pamoja na mashati na ule mkanda aliokuwa akipigiwa. Mganga alimwambia mtu mbaya hukaa kwenye mali yake: toa mali, naye atatoka. Akatoa. Nyumba ikapoa, na mtoto akaacha kukojoa kitandani.

Kisha mashine, kitu pekee cha marehemu alichobakiza, ikaanza kujiwasha kila magharibi. Tiki... tiki... Vitufe vinabonyezwa, mkono hauonekani.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Haya yalinuka sigara za marehemu.

Fundi aliichomeka kwenye runinga, akasonya. "Kuna magemu arobaini humu, shemeji. Yote ya kupakua. Ulisema umechoma diski; haya hukuyachoma."

"Yafute."

"Ni ya akaunti yake. Mpaka akubali mwenyewe."

"Mwenyewe tumemzika."

"Sasa mimi nifanyeje? Diski ungeuza, ungegawa, ungetupa chooni. Haya hayarithiwi wala hayatupwi."

Hata hivyo akabonyeza kufuta. Maandishi yakatokea: *Mwenye akaunti anakubali?*

Tiki.

Padi ya kuchezea ilikuwa mezani, haijaguswa na mtu. Neno HAPANA likawaka.

Fundi akang'oa nyaya. "Toka nayo," akanong'ona. "Toka kabla sijakutoa."

Mjane akaibeba. Alimchukia fundi, lakini zaidi alimchukia marehemu. Nje akaibamiza mashine kwenye ukingo wa mtaro mpaka ikawa vipande, akavisukumia majini kwa mguu huku akicheka peke yake. Miaka tisa aliogopa kuinua mkono mbele ya mtu yule. Leo aliuinua, na raha aliyoisikia haina mfano.

Alirudi nyumbani mwepesi. Mlangoni simu ikatetemeka; akaunti ya marehemu ilisajiliwa kwa namba ya mkewe.

*Akaunti imefunguliwa kwenye kifaa kipya.*

Kifaa gani tena? Ndani hamna kitu ila...

Akasukuma mlango. Ulikuwa umekomewa kwa ndani. Moshi wa sigara ukapenya kwenye tundu la ufunguo.

"Mwanangu, fungua."

Sauti ndogo, karibu kabisa na mbao:

"Mama... baba anasema nisikufungulie."